Mikutano ya Wanataaluma wa Usanifu Unaomlenga Mtumiaji na Tatizo la Jibu la Kwanza

1.0 Utangulizi

Dhana ya urahisi wa matumizi katika taaluma ya programu za kompyuta ina fasili inayokubalika kimataifa. Kiwango cha ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kudurusiwa mwaka 2018, kinaieleza kuwa ni kadiri ambayo watumiaji mahususi, katika mazingira mahususi, wanaweza kuyafikia malengo yao kikamilifu, bila kupoteza muda na juhudi, na kwa kuridhika. Mambo mawili ya kwanza hupimika kwa saa na kwa kuhesabu makosa. La tatu, yaani kuridhika, aghalabu hupimwa kwa kumuuliza mtu, na mtu akiulizwa hujibu kwa kufuata adabu ya jamii iliyomlea. Makala haya yanaeleza jinsi mikutano ya wanataaluma ilivyozieneza mbinu za kumsikiliza mtumiaji, na kwa nini mbinu hizo zinahitaji kuhojiwa upya zinapotumiwa na wazungumzaji wa Kiswahili.

2.0 Chimbuko la Mikutano na Mbinu Zilizosafiri Nayo

Mkutano unaohesabiwa kuwa mwanzo wa uwanja huu ulifanyika Gaithersburg, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, mwaka 1982. Uliwakutanisha wanasaikolojia na wahandisi wa kompyuta. Mwaka huohuo kikundi cha SIGCHI kiliundwa ndani ya jumuiya ya ACM, na mwaka uliofuata kongamano la kwanza la CHI likafanyika Boston. Wanataaluma waliokuwa wakifanya kazi viwandani, ambao hawakuvutiwa sana na nadharia, waliunda chama chao cha UPA mwaka 1991. Chama hicho ndicho kilichoanzisha Siku ya Urahisi wa Matumizi Duniani, ambayo tangu mwaka 2005 huadhimishwa mwezi Novemba. Barani Afrika, kongamano la kwanza la AfriCHI lilifanyika Nairobi mwezi Novemba 2016, na la pili Windhoek mwezi Desemba 2018.

Kando ya makongamano hayo makubwa kuna mikutano midogo ya jioni, baada ya saa za kazi, ambapo mzungumzaji mmoja hueleza mradi wake na wenzake humuuliza maswali. Mfano unaojulikana sana ni wa tawi la BayCHI huko California, lililokutana kila mwezi katika ukumbi wa Xerox PARC, Palo Alto. Ingawa watafiti huipa uzito mdogo mikutano ya aina hii kwa kuwa haiachi machapisho mengi, msanifu kijana huanza kujifunza kazi humo, kwa kumtazama mwenzake akiifanya. Kanuni tatu za Gould na Lewis (1985), yaani kuwazingatia watumiaji na kazi zao tangu mapema, kupima kwa vitendo, na kusanifu kwa kurudiarudia, zinajulikana hata na watu ambao hawajawahi kuisoma makala yenyewe. Wamezisikia mikutanoni.

Mbinu mbili ndizo zilizosafiri zaidi kwa njia hii. Ya kwanza ni kufikiri kwa sauti: mtumiaji hupewa kazi ya kufanya na kuombwa aseme kila kinachompitia akilini wakati akiifanya. Mbinu hii ina mizizi katika saikolojia, hususani kazi ya Ericsson na Simon (1980), na Lewis aliiingiza katika usanifu wa programu alipokuwa IBM mwaka 1982. Ya pili si mbinu hasa, bali ni kauli kwamba watumiaji watano wanatosha. Msingi wake ni mlinganyo wa Nielsen na Landauer (1993). Ikiwa kila mtumiaji ana uwezekano wa wastani wa asilimia 31 wa kuibua tatizo fulani, basi watumiaji watano huibua takribani asilimia 84 ya matatizo yote.

Mikutanoni kauli hiyo hurudiwa bila sharti lake, na sharti hilo ndilo lenye uzito. Asilimia 31 ni wastani wa miradi iliyochunguzwa, si sifa ya binadamu popote alipo. Tuseme kwamba washiriki wa mahali fulani huficha sehemu ya matatizo wanayokutana nayo, na uwezekano huo ukashuka hadi asilimia 15. Kwa mlinganyo uleule, watumiaji watano wataibua takribani asilimia 56 tu, na watahitajika 12 ili kuipita asilimia 84. Msanifu aliyekoma kwa watano ataamini kwamba amebakiza tatizo moja kati ya sita, kumbe amebakiza karibu nusu. Ikiwa programu hiyo ni ya kusajili wagonjwa au kulipia ada za shule, nusu hiyo itawaangukia watu ambao hawakuwamo katika chumba cha majaribio.

3.0 Adabu kama Suala la Kimbinu

Hakuna haja ya kukisia kwamba adabu hupotosha majibu. Dell na wenzake (2012) waliwahoji watu 450 huko Bangalore, India, kwa kuwaonyesha vitu viwili vinavyofanana kabisa, na kuwadokeza kwamba kimoja kimetengenezwa na mhoji mwenyewe. Uwezekano wa kukipendelea kitu cha mhoji ulikuwa mkubwa takribani mara 2.5. Mhoji alipokuwa mgeni kutoka nje anayehitaji mkalimani, uwezekano huo ulifika mara 5. Matokeo haya yaliwasilishwa katika kongamano la CHI, yaani ndani ya mfumo uleule wa mikutano ulioieneza mbinu ya kufikiri kwa sauti. Mikutano inaweza basi kujisahihisha, ingawa masahihisho husafiri polepole kuliko kauli fupi.

Katika Kiswahili tatizo lina sura yake mahususi, nayo huonekana katika maamkizi. Anayeulizwa habari za nyumbani hujibu kwanza kwamba ni nzuri, hata kama amelala macho usiku kucha akiuguza. Habari yenyewe huja baadaye, baada ya neno "ila" au "lakini": nzuri, ila mtoto anaumwa. Kila mzungumzaji anajua kwamba jibu la kwanza ni ada, na kwamba mwulizaji anayeondoka baada ya kulisikia hakuwa na haja ya kujua. Sasa mtafiti anapomuuliza mshiriki ameionaje programu, akaandika "nzuri" na kupita kwenye swali linalofuata, amefanya jambo hilohilo. Ameandika ada akidhani ni tathmini. Tatizo huzidi pale umri au cheo kinapotofautiana, kwa kuwa mshiriki aliyeanza kikao kwa kumwamkia mtafiti "shikamoo" hategemewi kumkosoa dakika tano baadaye.

Mbinu za kukabili hali hii zipo. Apala Chavan, akifanya kazi India, alibuni mbinu ya Bollywood: mshiriki huingizwa katika kisa cha kusisimua, kwa mfano mpwa wake yu karibu kuolewa na mhalifu ambaye tayari ana mke, na ni lazima tiketi ya ndege ipatikane upesi ili harusi izuiwe. Akiwa ndani ya kisa, mshiriki huilalamikia programu bila kuona kwamba anamvunjia mtu heshima. Njia nyingine ni kuwaketisha pamoja watu wawili wanaofahamiana ili wasemezane wao kwa wao, mtafiti akisikiliza tu. Kwa jamii za Afrika Mashariki, inafaa kuchunguza kama jozi hizo zinaweza kuundwa kwa kufuata utani. Babu na mjukuu, au watu wa makabila yenye utani, wana ruhusa ya kijamii ya kuchekana na kukosoana hadharani, ruhusa ambayo mtafiti mgeni hawezi kuipata kwa kusaini fomu ya ridhaa. Pendekezo hili linahitaji kupimwa uwandani, kwani utani una mipaka yake, na huenda mzaha nao ukaficha mambo kama adabu inavyoficha.

Njia ya tatu ni kuyapa matendo uzito zaidi ya maneno. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 2005, yalilenga wateja wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Kama Hughes na Lonie (2007) wanavyoeleza, washiriki walianza kuitumia huduma hiyo kwa mambo mengine, yakiwamo kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi Machi 2007, kutuma fedha ndiko kulikokuwa kiini chake. Ni vigumu kuona jinsi dodoso la kuridhika na ulipaji wa marejesho lingeweza kuibua jambo hilo, kwa kuwa halingeliuliza.

Hata hivyo, maneno hayawezi kuachwa kabisa, na hapa ndipo mikutano ya Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko ina kazi ambayo haiwezi kufanyiwa Palo Alto. Vikao vingi hufanyika kwa Kiswahili, lakini matokeo yake huandikwa na kujadiliwa kwa Kiingereza. Katika kuvuka huko, viambishi na maneno madogo ndiyo yanayopotea. "Nzuri" na "nzuri tu" hazina maana moja. "Si mbaya" yaweza kuwa sifa au kukataa kwa upole, kutegemea kiimbo na kimya kilichoitangulia. "Nitaizoea" mara nyingi ni malalamiko. Mhakiki wa ripoti anayetaka kujua kama mtumiaji aliridhika anahitaji kuyaona maneno hayo kama yalivyotamkwa, pamoja na swali lililoulizwa baada ya jibu la kwanza, na kama halikuulizwa, nafasi yake katika ripoti ionekane kuwa tupu.