Kamera ya DSLR Huchaguliwa kwa Lenzi Zake

Kamera ya DSLR, yaani ile yenye kioo ndani kinachoinuka picha inapopigwa, huuzwa kwa sifa za megapikseli. Sehemu inayomfunga mnunuzi kwa miaka mingi, hata hivyo, ni pete ya chuma ya kufungia lenzi. Nikon imetumia pete yake ya F tangu mwaka 1959. Pentax ilileta pete ya K mwaka 1975. Canon iliachana na pete yake ya zamani mwaka 1987, ikaanza na EF, na lenzi za kabla ya hapo hazikuweza kufungwa kwenye kamera hizo za EF.

Lenzi haihami kwa urahisi kutoka kampuni moja kwenda nyingine kwa sababu ya umbali. Katika Nikon, kutoka kwenye pete hadi kwenye kihisi ni milimita 46.5, katika Canon ni 44. Milimita 2.5 za tofauti zinatosha kupenyeza pete nyembamba ya kati, hivyo lenzi ya Nikon hufanya kazi kwenye Canon, ingawa fokasi huzungushwa kwa mkono. Kinyume chake hakifai. Lenzi ya Canon iliyowekwa kwenye Nikon inakaa mbali mno na kihisi: uso wa mtu aliye karibu utaonekana vizuri, lakini mpiga picha aliyesimama ukingoni mjini Kisangani, nchini Kongo, akiielekeza mtaa wa Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo, atapata ukungu mtupu.

Hata ndani ya kampuni moja kuna mitego. Lenzi za Canon za EF zina alama ya duara jekundu, za EF-S zina mraba mweupe. Kamera nyingi zenye kihisi kidogo zina alama zote mbili na hupokea lenzi zote mbili. Zenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24 zina duara pekee, na EF-S haiingii. Kwa Nikon tatizo ni mota. Kamera ndogo kama D3500 na D5600 hazina mota ya fokasi ndani yake, hivyo zinahitaji lenzi yenye mota yake, iliyoandikwa AF-S au AF-P. Lenzi ya zamani ya AF-D hutambulika ikigeuzwa: nyuma, kwenye pete, kuna kichwa kidogo cha skrubu kinachosubiri kuzungushwa na kamera. Kwenye D7200 itajitafutia fokasi. Kwenye D3500 fokasi itabaki ya kuzungushwa kwa mkono. Wauzaji wa mitumba ni nadra kulieleza hilo.

Tshopo, mkoa ulipo mji wa Kisangani, ni nchi ya msitu, na chini ya miti mikubwa mwanga ni haba sana. Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ikivutwa hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Ile ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu za Canon na Nikon, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Hii ndiyo lenzi ya pili inayostahili kununuliwa kabla ya nyingine yoyote, iwe kwa harusi ya usiku katika mtaa wa Makiso mjini humo au kwa utafiti msituni. Wavuvi wa Kiwagenia walio juu ya majukwaa yao ya miti katikati ya maporomoko ya mto wanahitaji kitu kingine: milimita 300, ambazo kwenye kihisi kidogo cha Nikon huona kama 450. Hapo mwanga si shida, maana povu la maji hung'aa kupita kiasi.

Picha nzuri kutoka msitu huo inaweza pia kuwa na uzito wa kisayansi. Tumbili aitwaye lesula, aliyeonwa na watafiti kwa mara ya kwanza katika eneo la Opala, Tshopo, mwaka 2007, alitangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2012, na picha za uso wake zilizunguka dunia nzima.

Adui mkubwa wa lenzi mjini Kisangani ni unyevu. Kuvu huota juu ya vioo vya ndani na kutandaza nyuzi kama utando wa buibui, kisha asidi yake hula tabaka la kinga la kioo. Lenzi ya mtumba imulikwe kwa tochi kutoka nyuma, tundu likiwa wazi kabisa, kabla ya pesa kutolewa. Nyumbani ikae kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika, si kwenye mkoba wa ngozi.

Tangu mwaka 2018 Canon na Nikon zimeelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo. Lenzi za EF na za AF-S huhamia huko kwa adapta ya kampuni yenyewe, fokasi ikiendelea kufanya kazi. AF-D hupoteza fokasi hiyo kwenye adapta ya kwanza ya Nikon, FTZ, kwa kuwa haina mota. Kamera zenye kioo, hata hivyo, kwa kawaida hutumia chaji ndogo ya betri kuliko zisizo na kioo, na mahali ambapo umeme hukatika hiyo si faida ndogo.

Kati ya Canon na Nikon, basi, hakuna iliyo bora kwa mkazi wa Kisangani hadi ijulikane wenzake wanatumia ipi. Lenzi huazimwa, betri hugawanwa, na chaja iliyoungua hupatiwa nyingine kwa jirani. Mnunuzi aulize kwanza kwa wapiga picha wa mtaa wake, ndipo atoe dola zake.