Je, Wajua? Paa la Nyasi la Kasubi

Je, wajua kwamba katika ufalme wa Buganda, kuiezeka nyumba ya maziko ya wafalme si kazi ya kila fundi ajuaye kufunga nyasi, bali ni haki ya ukoo mmoja tu, ukoo wa Ngeye, yaani watu wa mbega, wanaorithishana fani hiyo kizazi hata kizazi?

Nyumba hiyo, Muzibu Azaala Mpanga, iko Kasubi, mjini Kampala. Kabaka Muteesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe kasri lake. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo, na baadaye makabaka wengine watatu.

Ukiinua macho ndani utaona pete kubwa zilizofungwa kwa ustadi, moja ndani ya nyingine, jumla yake 52, kila pete kwa ukoo mmoja wa Baganda. Waezekaji wakiwa kazini, mwanamke haruhusiwi kuingia (mniwie radhi, akina mama, mila si yangu).

Na mvua je? Siri ni mteremko: tone huteleza toka unyasi hadi unyasi, hata likalowa tabaka la juu peke yake, na la chini likabaki kavu.

Walakini ukavu huo ni chakula cha moto. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 paa lote liliteketea. Likaezekwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.