Damu Chooni: Usikimbilie Kortizoni

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, soma habari hii mpaka mwisho, ingawa si neno la kusema mbele ya wageni.

Mtu akiharisha damu hapa Kalemie, kwanza wafikiriwe wadudu: amiba, bilarzia ya ziwa, au shigela, ile iliyoanza kuua watu mashariki ya inchi yetu mwaka 1979, ikavuka mipaka.

Lakini kuna ugonjwa mwingine, haba kwetu, unaoitwa kolite ya vidonda. Utumbo mpana unawaka na kutoka vidonda bila mdudu wowote. Unatulia, kisha unarudi, miaka na miaka. Kortizoni inaweza kuwekwa pale pale penye kidonda, kwa njia ya nyuma: kidonge cha kuingiza, povu, ao maji ya lavema. Munganga Truelove wa Oxford, Uingereza, aliandika juu ya tiba hiyo mwaka 1956. Kidonge hufika mwisho wa utumbo tu. Maji hupanda upande wa kushoto wa tumbo. Ndiyo sababu mgonjwa huenda choo kwanza, halafu hulala ubavu wa kushoto usiku na kuizuia dawa ndani. Dawa inayoingia mwilini ni kidogo kuliko ya kumeza, ile inayovimbisha uso na kupandisha sukari. Siku hizi waganga huanza na mesalazini. Kortizoni hufuata kama hiyo haikutosha.

Sasa hatari yenyewe. Kortizoni inalegeza askari wa mwili. Mwenye amiba akipewa, amiba zinaweza kula utumbo mpaka kuutoboa, na mtu akafa. Basi choo kipimwe kwanza kwa darubini. Kifike laboratware kingali kibichi, kabla ya nusu saa, maana amiba hufa upesi na kipimo kikadanganya.

Usinunue dawa sokoni kwa kuwa ilimfaa jirani. Lavema ya pilipili ao ya majani, ambayo wengi wetu tumezoea tangu utoto, usiipige kabisa juu ya utumbo wenye vidonda. Na aliyekwisha kumeza kortizoni majuma mengi asiiache ghafula: munganga ndiye hupunguza kidogo kidogo.

Ukienda choo cha damu mara sita ao zaidi kwa siku, ukiwa na homa, moyo unapiga mbio ao tumbo limekuwa gumu, mwambie shefu wako, uende lopitalo siku ile ile, hata ikiwa zamu yako ni ya usiku.