Fahamu: Mng'ao wa soya ulivyoongeza mafuta

Mafuta yanayokaanga chipsi River Road jijini Nairobi mengi hutokana na mawese ghafi yaliyoagizwa kutoka Asia, na kila bei inapopanda soya hutajwa kama mkombozi. Hoja hiyo ina msingi. Soya mwitu ya Asia Mashariki ina takriban asilimia 10 ya mafuta. Ile ya shambani hufikia 20. Tofauti hiyo ilianza na wakulima wa kale wa China, wasiojua lolote kuhusu jeni. Mbegu za mwituni hufunikwa na unga unaozificha udongoni. Jeni iitwayo B1 ndiyo huleta unga huo, na utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba ilipobadilika, mbegu ziling'aa na mafuta yakaongezeka. Yaelekea mkulima alipenda mng'ao, mafuta yakaja kama nyongeza. Jeni nyingine, SWEET10a, hupitisha sukari kuelekea kiinitete: ikifanya kazi zaidi, mbegu hunenepa, mafuta hupanda, protini hushuka.

Hapo ndipo penye utata. Nchini Kenya soya hutafutwa sana na watengenezaji wa chakula cha mifugo, wanaotaka protini ya mashudu. Mbegu yenye mafuta tele yaweza kumpendeza mkaanga chipsi na kumpunja mfuga kuku. Kweli, mchikichi, mti wa mawese, hutoa mafuta mengi zaidi kwa hekta kuliko soya, ila huhitaji joto na mvua karibu mwaka mzima. Na jeni kama hizo zikitumiwa kuteua mbegu kwa vipimo vya DNA, anayehofia uhandisi wa jeni ajue kwamba uteuzi huo hauingizi jeni ngeni. Mimea huchavushwa kama zamani, uteuzi tu ndio huharakishwa.