Koti Lililobaki Mkononi mwa Polisi

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo si kisa cha sungura na fisi. Haya yalitokea kweli, Marekani, katika mji wa Flint, jimbo la Michigan.

Mji mzima uliishi kwa magari ya kampuni ya General Motors. Wanaume waliunda mabodi na injini. Wanawake wengi walishona viti. Kazi iliendeshwa mbio kupita kiasi, na aliyetaja chama cha wafanyakazi alijiweka hatarini kufukuzwa. Tarehe 30 Desemba 1936 wakagoma, lakini hawakutoka nje. Walikaa humohumo kiwandani. Nani ataletwa kushika mashine, na wenyewe wamezikalia?

Wanawake tu ndio waliotolewa. Viongozi wa mgomo walihofia maneno ya watu: wanaume na wanawake walale jengo moja? Wengi wakaenda kuwapikia wagomaji. Bila chakula kile mgomo usingedumu wiki, msiudharau upishi huo. Ila Genora Johnson, mama wa miaka 23, aliona wanawake wanaweza zaidi ya hapo.

Usiku wa Januari 11, polisi walivamia kiwanda kimoja kwa mabomu ya machozi, kisha kwa risasi. Wagomaji walijibu kwa mipira ya maji na bawaba za milango ya magari. Genora akashika kipaza sauti kwenye gari la chama. Akawaita wanawake waliokuwa wakitazama kwa mbali: njooni msimame na waume zenu!

Mmoja akatoka kwenye umati. Polisi akamdaka koti kwa nyuma. Mama yule akajichomoa, koti likabaki mkononi mwa polisi, naye akaendelea kutembea kwenye baridi ile ya Januari. Wengine wakamfuata. Polisi wangewapigaje risasi wanawake mbele ya mji mzima? Mapigano yakaisha.

Baada ya usiku huo Genora aliunda kikosi cha wanawake, kofia nyekundu kichwani. Februari 1, wanaume walipofungiwa kiwandani katika moshi wa mabomu, wanawake hao walivunja madirisha kwa marungu ili wapate hewa. Kisha wakaenda lango la kiwanda cha injini, wakashikana mikono, wakawazuia polisi wasiingie.

Siku 10 baadaye, General Motors ilitia saini kukitambua chama.