Mabaka ya kifaru si maua ya kanga

Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniletea kifaru cha plastiki alichokiunga mwenyewe kwa wiki tatu. Alikinunua kwa akiba yake ya miezi kadhaa. Minyororo imekaa sawa, mtutu wa mzinga umenyooka, hakuna gundi iliyovuja. Shida ilikuwa rangi. Alikipaka mabaka ya kijani na kahawia, kila baka ukubwa wa sarafu, yamepangwa sawasawa kama maua ya kanga. Akaniuliza: "Mjomba, mbona sasa kinaonekana zaidi kuliko kabla sijakipaka?"

Swali zuri, na nimeona nilijibu hapa kwa faida ya vijana wengine wanaopenda kazi hii, na wazazi wanaowatazama wasielewe wanachofanya.

Sisi watu wa pwani tumezoea rangi ya kuvuta macho. Jahazi hupakwa lipendeze, matatu hupakwa ionekane toka mbali. Rangi ya gari la vita kazi yake ni kinyume. Jicho la adui hutafuta umbo: ukingo ulionyooka, kona, kivuli chini ya mtutu. Mabaka yamewekwa ili kulivunja umbo hilo, jicho lisijue kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Hapo ndipo kijana wetu alipokosea. Kila baka alilipaka katikati ya bati, likakomea kabla ya ukingo. Kwa hivyo kila ukingo ulibaki wazi, kana kwamba ameuchora kwa rula. Baka linalofaa huanzia ubavuni, huvuka kona, na kumalizikia juu ya paa. Tena mabaka hayalingani: moja pana, jingine jembamba, moja limepinda, jingine limekatika.

Hila ya pili mvuvi yeyote anaijua, hata kama hajapata kuipa jina. Mtazame jodari: mgongo mweusi, tumbo jeupe. Jua hupiga juu na kuung'arisha mgongo, tumbo likabaki kivulini; rangi zake hupingana na mwanga huo, na samaki anapotea ndani ya maji. Mchoraji wa Marekani, Abbott Thayer, alilieleza jambo hili kwa maandishi mwaka wa 1896, na baadaye majeshi yakalitumia.

Mfano mmoja ni kifaru cha Sherman Firefly, ambacho Waingereza walikipeleka Normandy, Ufaransa, mwaka wa 1944. Kilikuwa Sherman ya Marekani iliyotiwa mzinga wa Kiingereza wenye nguvu zaidi, na mtutu wake ulikuwa mrefu kuliko wa Sherman za kawaida. Wajerumani wakiutambua mtutu huo, hicho ndicho walichokilenga mwanzo. Basi baadhi ya wanajeshi wakapaka rangi nyeupe chini ya nusu ya mbele ya mtutu, ili kwa mbali uonekane mfupi. Ndani ya kifaru hicho mlikuwa na watu wanne. Mtu anayekipaka leo kwa brashi ndogo mezani kwake asiiruke nusu hiyo nyeupe. Kuna watu waliitegemea wasife.

Wengi huniambia kwamba bila mashine ya kupulizia rangi huwezi kupata mabaka ya kweli. Si hivyo. Kuanzia Februari 1943 vifaru vya Ujerumani vilitoka kiwandani na rangi moja, manjano ya mchanga iliyokolea. Wanajeshi walipewa rangi nzito ndani ya mikebe, kijani cha zeituni na kahawia nyekundu, wakaizimua kwa petroli au maji na kuipaka wenyewe. Waliokuwa na mashine walipulizia; wengine walitumia brashi. Ndiyo maana vifaru viwili vya kikosi kimoja havikufanana. Mkono wako ukitetemeka kidogo, hujaharibu historia.

Sasa kazi yenyewe. Osha plastiki kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, iache ikauke, kisha paka praima. Chagua rangi za akriliki, maana huzimuliwa kwa maji na hazina harufu kali ya thina ndani ya nyumba. Izimue mpaka iwe kama maziwa. Paka tabaka mbili au tatu nyembamba kwa brashi bapa, na usipake la pili kabla la kwanza halijakauka. Tabaka moja nene litafunika ribiti na viungo vyote, na hapo kazi ya wiki tatu imekwenda.

Joto letu hukausha rangi kisahanini upesi. Lowesha tishu, iweke ndani ya kisahani, tandika juu yake karatasi ya kuokea, kisha changanyia rangi hapo. Na zima feni. Huleta vumbi, na hukausha rangi ikiwa bado kwenye ncha ya brashi.

Rangi ya chini ikikauka, tafuta picha ya gari lile lile na uchore mipaka ya mabaka kwa penseli, taratibu, ukikizungusha kifaru pande zote. Fanya hesabu: katika kipimo cha 1/35, baka la sentimita 35 kwenye kifaru halisi huwa sentimita 1 tu. Zungushia mpaka kwa brashi nyembamba, kisha jaza ndani. Ukitaka kingo laini kama zilizopuliziwa, changanya rangi mbili zinazopakana nusu kwa nusu, futa brashi mpaka ikaribie kukauka, na ugonge gonge kwenye mpaka.

Ongeza pia tone la rangi hafifu katika kila rangi. Kifaru cha 1/35 ukikitazama kwa sentimita 30, ni kama unatazama kifaru halisi kilicho mita 10 mbele yako, na kadiri kitu kinavyokuwa mbali ndivyo rangi yake inavyofifia. Malizia kwa vanishi isiyong'aa, kwani mng'aro hufuta hila yote.

Mama mmoja aliniuliza kama huku si kuwafundisha watoto kupenda vita. Nilimjibu kwamba inategemea wanaambiwa nini. Mtoto anayekimbiza kifaru sakafuni akipiga kelele za mabomu hajui chochote. Anayekaa siku nne akipaka mabaka, akajua kila baka limewekwa kwa sababu mtu aliogopa kuonekana na kuuawa, huyo amejifunza jambo kuhusu vita ambalo sinema nyingi hazimwambii.

Kijana wetu alikipitishia msasa laini, akakipaka upya rangi ya mchanga na kuanza tena. Safari hii mabaka yamevuka kona. Alikiweka juu ya jamvi la ukumbini, akaniita nikitazame nikiwa mlangoni. Nilichukua muda kujua mbele yake ni wapi.