Mkono Upo, Kalenda Iko Wapi?

Mwezi wa Desemba mwaka 2025, katika ukumbi wa Alexandra Palace jijini London, daktari wa mifugo kutoka Kenya, David Munyua, alitimiza jambo ambalo hakuna Mkenya aliyewahi kulitimiza kabla yake. Katika raundi ya kwanza ya mashindano ya ubingwa wa dunia wa mchezo wa vishale alikutana na Mike De Decker wa Ubelgiji, ambaye mwaka 2024 alitwaa taji la World Grand Prix. Mbelgiji huyo alitangulia kwa seti mbili kwa nunge, na waliokuwepo wakadhani ngoma imekwisha. Haikuwa imekwisha. Munyua alizitwaa seti tatu zilizobaki na kuibuka mshindi kwa 3-2.

Habari za namna hiyo zinapomfikia mwalimu wa Kiswahili katika nchi ya majani chai, Kericho na Bomet, zinamletea mitihani miwili. Mtihani wa kwanza ni wa lugha: atawasimulia vipi wanafunzi wake mchezo huu bila ya kugugumia? Mtihani wa pili ni mgumu zaidi, nao ndio kiini cha makala haya: mwanafunzi akimwuliza afanyeje ili naye afike huko, mwalimu atamjibu nini?

Tuanze na lugha, kwani jina la kitu ndilo mlango wa kukifahamu. Neno kishale halina taabu. Ni mshale uliopunguzwa umbo kwa kiambishi ki-, na kila mwanafunzi wa darasa la nne anaijua kanuni hiyo. Neno seti limekwisha kuota mizizi katika michezo ya tenisi na voliboli. Tatizo liko katika kipande kidogo zaidi cha mchezo, yaani safari moja ya kutoka pointi 501 hadi sufuri. Waingereza hukiita kipande hicho kwa jina la kiungo cha mwili, mguu. Basi mchezaji akikimaliza kwa idadi ndogo kabisa ya vishale, mfasiri wa haraka atatuambia kwamba bwana fulani amepata "mguu kamili". Msomaji wa Kericho akiambiwa habari za miguu kamili atamfikiria Beatrice Chebet, mzaliwa wa Londiani, wala hatakuwa na kosa.

Dawa ya tatizo hili tunayo siku nyingi. Watangazaji wa kandanda walipokabiliwa na neno lilo hilo la Kiingereza, kwa maana ya mojawapo ya mechi mbili za nyumbani na ugenini, hawakusema mguu wa kwanza na mguu wa pili. Walisema mkondo wa kwanza na mkondo wa pili. Mkondo ni njia ya maji yendayo kutoka chanzo hadi kikomo, na ni sitiari nzuri kwa hesabu inayotiririka kutoka 501 hadi sufuri. Kwa hivyo napendekeza, na katika makala haya nitatumia, istilahi ya mkondo kamili.

Mkondo kamili ni nini hasa? Ubao wa vishale umegawika katika vipande 20, kila kimoja na nambari yake. Kitovu chake kiko mita 1.73 kutoka sakafuni, na mchezaji husimama umbali wa mita 2.37. Kishale kikiingia katika ukanda mwembamba wa nje, nambari huzidishwa mara mbili. Kikiingia katika ukanda mwembamba wa ndani, huzidishwa mara tatu. Katikati kabisa pana pointi 50. Kila mchezaji hutupa vishale vitatu kwa zamu, na pointi anazopata hupunguzwa kutoka 501. Sharti ni kwamba kishale cha mwisho kiingie katika ukanda wa mara mbili au katika kitovu, na hesabu iishe sufuri kamili.

Sasa mwalimu wa hisabati na achukue chaki. Kishale kimoja hakiwezi kuleta zaidi ya pointi 60, yaani 20 mara tatu. Vishale saba vitaleta 420. Cha nane, ambacho ni cha kufungia, hakiwezi kuzidi 50. Jumla ni 470, nayo haifiki 501. Kumbe vishale vinane havitoshi kamwe, hata mtupaji awe nani. Tisa ndiyo idadi ndogo kabisa: zamu mbili za 180, kisha 141. Hiyo 141 yaweza kupatikana kwa 60, 57 na 24, yaani 20 mara tatu, 19 mara tatu na 12 mara mbili. Zipo njia nyingine pia, na kuzitafuta ni zoezi la kupendeza kwa darasa lolote.

Tarehe 13 Oktoba mwaka 1984, huko Slough nchini Uingereza, John Lowe alikuwa mtu wa kwanza kupata mkondo kamili mbele ya kamera za televisheni, akalipwa pauni 102,000. Mwezi wa Januari mwaka 1990, Paul Lim, mzaliwa wa Singapore, aliupata wa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia, akatuzwa pauni 52,000. Phil Taylor, aliyetwaa ubingwa wenyewe mwaka huo, alipata pauni 24,000. Yaani vishale tisa vya mtu ambaye hakuwa bingwa vililipwa zaidi ya mara mbili ya taji zima! Bei hiyo yaonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa adimu.

Leo mkondo kamili si adimu kiasi hicho. Je, mikono ya wanadamu imebadilika? Sidhani. Vifaa vimeboreka, na wachezaji hodari wameongezeka, lakini kuna sababu nyingine ambayo mtazamaji haioni kwa sababu haimo ukumbini. Sababu hiyo ni kalenda.

Hebu tumchukue mchezaji hodari sana, ambaye kila kishale chake kina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kufika kilikolengwa. Ili apate mkondo kamili, bahati hiyo ya nusu sharti imwendee vyema mara tisa mfululizo. Tukizidisha nusu kwa nusu mara tisa, tunapata moja katika 512. Mchezaji huyo akishiriki mikondo 10 ya mashindano kwa mwaka, atahitaji kwa wastani miaka 51 kuona mkondo kamili mmoja. Huenda akazeeka kabla ya kuuona. Mwenziwe mwenye mkono ule ule, anayecheza mikondo 1,000 kwa mwaka, ataupata takriban mara mbili kila mwaka. Mikono ni sawa, shabaha ni ile ile, na kilichowatenganisha ni idadi ya nafasi tu. Wa pili ataitwa gwiji, na wa kwanza ataitwa mtu wa kawaida.

Nafasi hizo zimepangwa vipi? Baada ya wachezaji wakuu kujitenga na chama cha zamani cha Uingereza mwaka 1992 na kuunda chombo chao, ambacho sasa ni PDC, mchezo huu ulijengewa mwaka mzima wa kazi. Januari kuna mchujo wa kutafuta kadi za kushiriki ziara. Walio na kadi hizo ni 128, na kadi hudumu miaka miwili. Kuanzia Februari hadi Mei huwa na Ligi Kuu ya kila Alhamisi usiku. Julai ni zamu ya Blackpool, Oktoba na Novemba mashindano makubwa hufuatana, na katikati ya Desemba hufunguliwa pazia la ubingwa wa dunia, unaomalizika mwanzoni mwa Januari. Katikati ya hayo yote yapo mashindano madogo kwa makumi, yasiyo na shangwe wala nyimbo, ambamo mikono hunolewa.

Atasema mtu: mchezaji wa kwetu na afanye mazoezi nyumbani. Naam, mazoezi huujenga mkono, bali moyo hujengwa na mashindano. Tarehe 3 Januari mwaka 2023, katika fainali ya ubingwa wa dunia, Michael van Gerwen alitupa vishale vinane bila kosa. Cha tisa kikakosa ukanda wa mara mbili wa 12. Mpinzani wake Michael Smith akasogea, naye pia alikuwa na vishale sita safi, akatupa vitatu vilivyosalia na kuukamilisha mkondo. Wote wawili walikuwa wamelelewa na kalenda ile niliyoieleza, na bado mmoja wao aliteleza. Itakuwaje kwa yule anayekutana na umati kwa mara ya kwanza maishani? Hapo ndipo tunapoona ukubwa wa alichokifanya Munyua.

Watu wa Kericho na Bomet hawahitaji kwenda London kulielewa jambo hili. Mchumaji chai hutafuta majani mawili na chipukizi, lakini ufundi wa vidole vyake haumfai kitu asipokirudia kichaka kwa wakati wake, baada ya siku saba hadi 14. Akichelewa, majani hukomaa na kuwa magumu. Ubora wa chai umo mkononi, na umo vilevile katika kurudi.

Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, mjini Tokyo mwaka 1964, kisha akaongeza fedha huko Meksiko mwaka 1968. Tangu wakati huo riadha yetu imejengewa ngazi. Mtazame Chebet: mwaka 2018 bingwa wa dunia wa mita 5,000 kwa chipukizi, mwaka 2019 bingwa wa chipukizi katika mbio za nyika, mwaka 2022 medali ya fedha ya dunia kwa watu wazima, mwaka 2023 na 2024 bingwa wa dunia wa nyika. Ndipo tarehe 25 Mei mwaka 2024 akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, na tarehe 5 Julai mwaka 2025 mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14. Hiyo ndiyo miguu kamili! Walakini hakuna kidato alichokiruka. Kila mwaka ulikuwa na tarehe yake, na kila tarehe ilimkuta tayari.

Najua yapo mapingamizi. Wapo walimu watakaosema kwamba vishale ni mchezo wa baa. Ni kweli kwamba ubao mara nyingi umetundikwa karibu na kaunta ya pombe, lakini ubao hauna mizizi. Ung'oe, uutundike katika bwalo la shule, na baa itabaki ilipo. Wengine watasema ni mchezo wa kigeni. Je, kandanda ilizaliwa Sotik? Isitoshe, upinde na mshale si vitu vya kufundishwa jamii za Bonde la Ufa na mtu kutoka ng'ambo. Wengine watahofia ncha kali, na hofu hiyo ni halali: vishale vihesabiwe, vifungiwe, na vitumiwe mbele ya mwalimu, kama tunavyofanya kwa mkuki na tufe.

Sidai kwamba vishale vitawaajiri vijana wetu. Kadi 128 kwa dunia nzima haziwezi kuziba pengo la ajira katika mashamba ambamo mashine zinachukua nafasi ya vidole, hata hasira ikawafikisha watu kuzichoma moto huko Kericho mwezi wa Mei mwaka 2023. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Mwezi wa Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili za juu, na moja ya njia tatu walizowekewa ni ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Njia isiyo na kalenda ni jina tu. Shule ikiwa na mwanafunzi mwenye shabaha, na mwanafunzi huyo akishindana siku moja kwa mwaka, kisha tukangoja miaka 51, tusimlaumu yeye.

Mchezo huu hauhitaji uwanja, wala hauogopi mvua ya alasiri na mawe yake, ambayo kila mwalimu wa michezo katika nyanda hizi anaijua. Mwanafunzi asiyeweza kukimbia aweza kuucheza. Fauka ya hayo, humlazimisha kijana kutoa, kuzidisha na kutafuta njia ya mkato kichwani, kwa haraka, mbele ya wenzake. Shule tano za tarafa moja zikikubaliana juu ya Jumamosi mbili kila mwezi, kwa zamu, zikaandika matokeo katika daftari moja, tayari kalenda imezaliwa. Haihitaji waziri kuizindua.

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Wenye haraka husahau kwamba methali hiyo haisemi lolote juu ya ukubwa wa haba. Inasisitiza marudio yake. Mikono tunayo Kericho, tunayo Bomet, na Munyua amekwisha kuonyesha kwamba mlango wa London hufunguka. Mwalimu anayesoma makala haya, kabla hujamwuliza mwanafunzi wako ana kipaji gani, jiulize kwanza: umempa tarehe ngapi mwaka huu?